Majani ya oveni: yanaungua pembeni, katikati bado laini

Swali: Nataka watoto wangu waachane na krispi za viazi za pakiti, kwa hiyo nimeanza kuwaokea majani ya sukuma wiki nyumbani. Kila mara pembeni yanaungua na katikati yanabaki laini. Yale machache yanayokubali, kufika asubuhi yamelegea. Nimejaribu na spinachi, nikaambulia vipande vyembamba vilivyogandia kwenye karatasi. Nakosea wapi? Na je, vitafunio hivi ni vya afya kweli, au najifariji tu kwa sababu ni vya kijani?

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza mambo kadhaa lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni maji. Jani bichi karibu lote ni maji: spinachi ina takriban asilimia 91, kabichi 92, na sukuma wiki huwa kati ya 84 na 90 kulingana na aina na ukomavu wa jani. Kwa hiyo unapoliingiza ovenini, kazi kubwa unayolifanyia ni kulikausha. Kupika ni sehemu ndogo tu. Wengi huwasha oveni kwa joto la kuchomea kuku kisha wanashangaa majani kugeuka majivu.

Jani likiwa bado na maji, haliwezi kupata joto kubwa zaidi ya nyuzi 100 hivi, hata kama oveni imewekwa 180, kwa sababu joto lote linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Maji ya mwisho yakishatoka, hakuna tena cha kulizuia. Kwa dakika chache jani linapanda kufikia joto la oveni yenyewe, linabadilika kuwa kahawia, na uchungu unaingia. Sasa tazama jani la sukuma wiki: pembeni ni jembamba, katikati lina uti mnene uliojaa maji. Pembeni pamekwisha kukauka wakati uti ndio kwanza unapata moto. Kuungua kwa pembeni na ulaini wa katikati, basi, ni kosa moja. Umeoka vitu viwili vyenye unene tofauti kwa joto kali mno.

Dawa yake inaanzia kwenye kisu. Toa uti wote wa katikati mpaka juu kabisa, usibakize hata ile sehemu nyembamba inayokaribia ncha. Kisha chana jani kwa mkono katika vipande vinavyolingana, vya sentimita 5 hadi 6, kwa kuwa vitasinyaa sana. Nyuti usizitupe. Zikatekate ndogondogo uziweke kwenye jokofu, nitakuonyesha pa kuzitumia.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa nusu ya kazi yote. Osha majani kwenye beseni la maji mengi, uyainue kutoka majini badala ya kumwaga maji na majani kwa pamoja, ili mchanga ubaki chini. Rudia mpaka maji yawe safi. Kisha yakaushe. Yatandaze juu ya kitambaa safi, yagandamize kwa kitambaa kingine, uyaache wazi kwa saa moja au zaidi. Matone yaliyobaki juu ya jani ni lazima yakauke kwanza kabla maji ya ndani hayajaanza kutoka, na muda huo wote jani linachemshwa kwa mvuke, linalegea na kushikamana na jirani yake. Ukiwa na nafasi, yaoshe jioni na uyalaze jokofuni usiku kucha yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa. Kesho yake utaona tofauti.

Mafuta: kwa gramu 200 za majani yaliyokwisha kutolewa nyuti, kijiko kimoja cha chakula kinatosha kabisa. Weka majani kwenye bakuli kubwa, mimina mafuta, kisha uyasugue kwa vidole jani baada ya jani mpaka yote yang'ae kidogo na pasiwe na mafuta yaliyotuama popote. Majani yenye mikunjo yanahitaji uvumilivu zaidi, kwa maana mafuta hujificha kwenye mikunjo. Mahali mafuta yalipotuama, jani hukaangika badala ya kukauka, na likipoa linabaki zito na lenye kunata. Dakika mbili tatu za kusugua zinafanya kazi ambayo kijiko cha pili cha mafuta hakiwezi kuifanya.

Chumvi nayo ina tabia zake. Huvuta maji kutoka ndani ya jani, kwa hiyo ukiinyunyiza mapema ukaenda kuwasha oveni, ukirudi unakuta majani yametoka jasho. Inyunyizie dakika ya mwisho kabla ya kuingiza trei, au mara tu inapotoka. Na kipimo chake kisiamuliwe kwa kutazama bakuli lililojaa. Gramu zako 200 zikikauka, pamoja na mafuta, zitabaki kama gramu 40 tu, yaani maji yote yameondoka lakini chumvi yote imebaki. Nusu kijiko cha chai, ambayo haionekani kitu kwenye rundo la majani mabichi, ni gramu 3 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na kwa watoto kiwango hicho kipunguzwe zaidi. Kwa trei moja ya kugawana, robo ya kijiko cha chai iwe mwisho, na hata chini ya hapo ladha inakuja vizuri.

Washa oveni ifike nyuzi 150, au 130 kama ina feni. Tandaza karatasi ya kuokea, panga majani safu moja bila kupandana. Nguo zilizorundikwa kwenye kamba hazikauki hata jua likiwa kali, na majani ni vivyo hivyo. Kama hayatoshi, tumia trei mbili au oka kwa awamu. Baada ya dakika 10, geuza trei ili upande uliokuwa nyuma uje mbele, maana oveni nyingi zina kona yenye moto zaidi, kisha pindua majani. Hapo pia mlango unafunguka na mvuke unapata njia ya kutoka. Kuanzia dakika ya 15 usitoke jikoni. Chungulia kila baada ya dakika 2 au 3, toa vipande vilivyokauka na uviache vingine viendelee. Jumla huwa dakika 18 hadi 25, ila saa isikuamulie. Mwishoni zima oveni, acha mlango wazi kidogo, na majani yakae humo dakika 10 nyingine yamalizikie kwa joto lililobaki. Hatua hii ya mwisho inaokoa trei nyingi, kwa sababu inaondoa unyevu uliosalia bila hatari ya kuunguza.

Utajuaje kwamba yameiva? Usingoje rangi ya kahawia. Ikitokea hiyo umechelewa. Jani zuri linabaki kijani, pengine kijani kilichokolea zaidi, ni jepesi, na trei ukiitikisa linatoa mlio mkavu. Chukua kipande kimoja, kiache nje kipoe kwa dakika moja, kisha kivunje. Kikipinda, rudisha wenzake ovenini.

Kuhusu viungo: ndimu, limau na siki visiguse jani kabla halijaokwa. Asidi ikikutana na joto hung'oa magnesiamu iliyo katikati ya klorofili, yaani kile kinacholipa jani rangi yake ya kijani, na kijani safi kinageuka rangi ya matope, mbali na kwamba umeongeza maji uliyohangaika kuyaondoa. Unga wa vitunguu saumu na pilipili ya unga huungua upesi, hivyo vinyunyize majani yakiwa yametoka na bado ni ya moto. Ufuta unaweza kuingia pamoja na mafuta tangu mwanzo.

Sasa ile habari ya kulegea asubuhi. Jani lililokauka linavuta unyevu kutoka hewani kwa kasi, na ukilifungia likiwa bado na uvuguvugu, unakuwa umefungia na mvuke wake. Yaache yapoe kabisa juu ya waya, kisha uyatie kwenye chupa au kopo lenye kifuniko kinachobana vizuri. Yatakaa siku 2 au 3 yakiwa na ubora wake. Yakilegea, oveni ya nyuzi 120 kwa dakika 3 hadi 5 inayarudisha, mradi uyasimamie. Wanaotumia kikaangio cha hewa wapunguze muda, dakika 6 hadi 8 kwa nyuzi 130 au 140, na waweke waya mdogo juu ya majani, kwa sababu yakishakuwa mepesi feni huyapeperusha hadi kwenye chuma cha moto.

Spinachi ni habari nyingine. Jani lake ni laini na halina nyuzi za kulisimamisha, kwa hiyo likipoteza asilimia 91 ya uzito wake linabaki utando unaogandia karatasi. Inawezekana kulikausha, lakini sikushauri, na sababu yangu kubwa ni ya kiafya. Spinachi, mchicha na majani ya bitiruti yana oksaleti nyingi, yaani kiambata cha asili kilichomo kwenye majani. Oksaleti hushikana na kalsiamu tumboni ikashindwa kufyonzwa vizuri, na kwa watu wenye mwelekeo wa kupata mawe kwenye figo ni jambo la kuangaliwa sana. Ukichemsha majani hayo kwenye maji mengi na kuyamwaga maji, sehemu ya oksaleti inaondoka nayo. Oveni huondoa maji lakini oksaleti inaiacha, kwa hiyo kiganja kimoja cha spinachi iliyokaushwa kinabeba oksaleti ya fungu zima, na mtoto anakimaliza akiwa amesimama. Sukuma wiki na jamaa zake wa ukoo wa kabichi wana oksaleti kidogo, ndiyo maana nawachagua hao kwa kukausha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye uchaguzi wa majani, usijaribu kuoka majani mabichi ya muhogo kwa njia hii. Yana viambata vinavyotoa sumu ya sianidi, na usalama wake unatokana na kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Kuyakausha tu ovenini hakutoshi.

Spinachi na mchicha vipeleke kwenye vitonge vya kuoka. Kwa maoni yangu hivi ndivyo vitafunio bora kuliko vyote vya majani, ingawa havina ule mlio watoto wanaoupenda. Chukua gramu 500 za majani, yatumbukize kwenye maji mengi yanayochemka kwa dakika 2, yachuje, yapoze kwa maji baridi, kisha uyakamue. Hapa ndipo vitonge hufaulu au huharibika. Kamua kwa mikono miwili, fungu dogo dogo, mpaka yasidondoshe hata tone. Kutoka gramu 500 utabaki na kama 200, au pungufu. Ukibaki na 300, rudia. Vitonge vinavyolowa chini na kubomoka huwa ni majani ambayo hayakukamuliwa. Watu huongeza unga kuviokoa, na wanaishia kupata donge la unga lenye madoa ya kijani.

Katakata majani hayo yawe madogo kabisa. Kaanga kidogo kitunguu maji kimoja pamoja na zile nyuti za sukuma wiki ulizoweka, kwa kijiko cha chai cha mafuta, mpaka vilainike na kukauka maji. Changanya vyote na mayai 2, gramu 60 za oti, gramu 50 za jibini ngumu iliyokwanguliwa, kitunguu saumu na pilipili manga. Jibini tayari ina chumvi, kwa hiyo fikiria kwanza kabla ya kuongeza nyingine, na usiuonje mchanganyiko wenyewe, maana una mayai mabichi. Acha mchanganyiko utulie dakika 15, oti zinywe unyevu, kisha finyanga vitonge vya ukubwa wa kijiko cha chakula. Utapata 18 hadi 20. Vioke kwa nyuzi 190 kwa dakika 20 hadi 25, uvigeuze mara moja. Joto hapa ni kubwa kwa sababu sasa tunapika kweli: yai linatakiwa ligande mpaka katikati, angalau nyuzi 71 kama una kipimajoto. Asiyekula mayai atumie unga wa dengu, gramu 80, uliokorogwa na maji kidogo mpaka uwe uji mzito.

Ukitaka kitu kikavu kinachokaa siku nyingi zaidi, biskuti za chumvi zinawezekana: gramu 150 za unga wa ngano usiokobolewa, gramu 80 za majani yaliyochemshwa na kukamuliwa kisha kusagwa, vijiko 2 vya mafuta, theluthi ya kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya kushikanisha tu. Kanda, pumzisha dakika 20, sukuma kati ya karatasi mbili mpaka unene wa milimita 2, toboa kwa uma kila mahali ili mvuke usifanye malengelenge, kata, oka kwa nyuzi 175 kwa dakika 15 hadi 20. Zitoe zikianza tu kuwa na rangi ya dhahabu ukingoni. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikiokwa au kukaangwa kwa joto kali, zaidi ya nyuzi 120, hutengeneza akrilamidi, kemikali ambayo inafaa tuipunguze mwilini, na kadiri chakula kinavyokuwa cha kahawia ndivyo inavyoongezeka. Lakini nikwambie wazi: hiyo ni biskuti ya ngano yenye majani ndani yake. Ni nzuri, ila usiihesabu kama mboga.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo nimelipenda kwa sababu wachache hulitamka. Ndiyo, majani ya kuoka yanaweza kuwa ya afya, lakini rangi yake haithibitishi hilo. Piga hesabu ya trei yako. Gramu 200 za sukuma wiki zina kama kalori 70. Kijiko kimoja cha mafuta kina 120. Trei nzima, basi, ni kama 190, na zaidi ya nusu yake imetoka kwenye mafuta. Gramu 100 za krispi za viazi zinapita 500. Ukiongeza vijiko viwili vya mafuta ili majani yawe matamu, trei yako inafika 430, na faida uliyokuwa ukiitafuta imepotea. Kwa hiyo kijiko cha kupimia ndicho kifaa chako muhimu kuliko oveni. Kumimina kwa kukisia kutoka kwenye chupa ndiko kunakogeuza kitafunio chepesi kuwa kizito.

Upande wa virutubishi, vitamini C inapotea kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya joto na hewa, na foleti, vitamini ya kundi B, nayo inapungua. Vitamini K na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, zinastahimili zaidi, tena mafuta kidogo yanasaidia mwili kuzifyonza. Nyuzinyuzi na madini havichomeki. Ndiyo maana nasema majani haya yachukue nafasi ya krispi, yasichukue nafasi ya mboga mezani. Watoto wale vitafunio hivi na bado wakute sahani ya mboga na matunda.

Kuna watu wa kuangaliwa zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 4 usimpe majani makavu yanayovunjika vipande vikali, kwani yanaweza kumpalia. Mpe vitonge laini, vilivyokatwa vidogo, akiwa ameketi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula trei nzima kila siku, maana vitamini K huathiri kazi ya dawa hiyo, na wingi wake unatakiwa ubaki uleule siku hadi siku. Azungumze kwanza na daktari wake. Aliyewahi kupata mawe ya figo akae mbali na spinachi iliyokaushwa, hata akiipata kwingine. Na yeyote ambaye tumbo lake halijazoea nyuzinyuzi nyingi aanze na kiganja kimoja, kwa sababu gramu 200 za majani zinaliwa kwa dakika tano zikiwa kavu, jambo ambalo hakuna anayelifanya zikiwa mbichi.

Ningekuwa wewe, ningeanza wiki hii na trei moja ya sukuma wiki isiyo na uti, kwa nyuzi 150, nikiwa nimeyakausha majani usiku, ili nijue tabia ya oveni yangu. Vitonge nao unaweza kuvitengeneza vingi kwa pamoja. Visikae nje zaidi ya saa 2. Jokofuni vinadumu siku 3 hadi 4. Kwenye friza, vigandishe kwanza vikiwa vimetengana kwenye trei, kisha uvitie kwenye mfuko uliotolewa hewa. Vitakaa miezi 2, na vinapashwa moto moja kwa moja kutoka friza kwa nyuzi 180, dakika 12 hadi 15, mpaka viwe vya moto hadi katikati.